Pua ya Kuolewa Nayo

Ijumaa, watu waliporudi kutoka msikitini, nyumbani kwa Mwajuma pale Mikindani kilikaliwa kikao cha kuchagua pua.

Pua zenyewe zilipangwa kwenye sinia la pilau. Zilikuwa za mpingo, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa, na Babu Hemedi alizikalia karibu kama mama anayeuza vitumbua akingoja wateja. Alikuwa amezichonga mwenyewe, uani, kwa tezo lake lile lile la kuchongea vinyago, na kila aliyeingia aliokota moja akaibandika juu ya pua yake, akageuka huku na huku watu wamtazame.

"Hiyo ni ya yule mtangazaji wa taarifa ya habari," Babu alieleza. "Na hiyo ya afisa mikopo. Hii hapa ya marehemu bibi yenu, Mungu amrehemu, pua yake ilikuwa inafika chumbani kabla yake. Na hii ndogo," akaipuliza vumbi, "nimeiota."

"Umeota pua, Babu?"

"Mwenzio akikaribia kuolewa na mwanamume mwingine, unaota mambo mengi."

Watu walicheka. Zulfa naye alicheka, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akichaguliwa pua. Kwa Babu yeye ni mke, na Babu ni mume wake, ndivyo ilivyo kwa babu na mjukuu kwa watu wa huku. Tangu posa ilipokubaliwa, mzee alikuwa akitembea mtaani akilalamika kwamba ameporwa.

Zulfa alikuwa na miaka saba wakati pua yake ilipoharibika. Walikuwa wakitwanga makopa, yeye na Sharifa, binti wa mama yake mkubwa, kinu kimoja michi miwili, huyu akishusha yule anainua. Wakaongeza mwendo, wakaimba, wakaongeza tena. Zulfa akainama kuokota kipande cha muhogo kilichoruka nje. Mchi wa Sharifa ulikuwa unapanda. Damu ilitoka, ikakauka, mtoto akapewa uji, mambo yakaisha. Kumbe ndani hayakuisha. Pua ilivimba wiki nzima, ikatoa harufu, kisha ikapungua na kuendelea kupungua, mpaka katikati pakabonyea kama godoro lililokaliwa na mtu mmoja upande mmoja miaka mingi. Tundu la kushoto lilipitisha hewa kwa shida. La kulia lilikuwa la mapambo tu.

Alikua nayo hivyo. Akasoma nayo, akaajiriwa nayo kwenye duka la mapazia Chikongola, akaposwa nayo na Yassini wa Msimbati, fundi wa injini za boti. Kabla ya posa, mama yake alimwita Yassini pembeni akamwambia ukweli, kwamba mtoto anakoroma. Yassini akajibu, "Mama, mimi nalala na injini tangu nizaliwe."

Lakini kitu kimoja Zulfa hakukizoea. Picha. Tangu shuleni, kila mpiga picha alipoinua kamera, mkono wake ulipanda wenyewe mpaka puani, au ncha ya mtandio, au daftari. Hakuna picha hata moja ya Zulfa mzima. Na sasa harusi ilikuwa mwezi ujao, katikati ya msimu wa korosho, wakati kila mtu ana furaha na kila simu ina kamera. Alitaka siku ile moja asimame mkono ukiwa chini. Ndiyo sababu alipotaja habari ya kutengeneza pua, nyumba nzima ilimuunga mkono, na Babu akaenda kutafuta mpingo.

"Mimi nasema ya mtangazaji," alisema Mwajuma, mama yake.

"Itamfanya aonekane anadanganya," mtu akapinga.

"Ya bibi, basi."

"Kwa uso huo mdogo? Pua itamwangusha kifudifudi."

Wakabishana mpaka alasiri. Ndipo Sharifa alipoingia, mikono ina rangi ya hina, amefunga saluni yake mapema. Hakugusa pua hata moja. Alimvuta Zulfa hadi jikoni.

"Nimempata mtu," alisema. "Anatoka Dar. Madamu Mariamu. Sindano tu, Zulfa, dakika chache, unaingia na pua hii unatoka na nyingine. Alhamisi ijayo atakuwa saluni kwangu. Wewe usitoe chochote. Hili ni langu."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Miaka ishirini Sharifa alikuwa akimsuka Zulfa na kumpaka hina kama mtu anayefuta doa lisilofutika, na Zulfa alishachoka kumwambia aache.

"Daktari nimepangiwa Jumatatu," alisema Zulfa.

"Nenda. Msikilize. Lakini Alhamisi njoo."

*

Jumatatu walikwenda hospitali watu watatu: Zulfa, mama yake, na Babu Hemedi ambaye hakualikwa. Daktari Elisha, bingwa wa masikio, pua na koo, alikuwa mtu mnene mpole. Alimmulika Zulfa puani kwa kitochi, akabonyeza mgongo wa pua kwa kidole gumba, ukaingia ndani, akauachia, ukarudi polepole.

"Hapa ndani ukuta umebomoka," alisema. "Ulipogongwa, damu ilijikusanya, ikaoza, ikala gegedu. Gegedu ndicho kile kitu kigumu kinachokunjika, kama sikioni. Bila hicho pua haina nguzo. Ndiyo maana imelala, na ndiyo maana hupumui vizuri. Tunaweza kuisimamisha."

Hapo Babu alifungua mfuko wa nailoni akazimwaga pua zake mezani, juu ya mafaili ya watu.

"Tumekurahisishia," alisema. "Chagua wewe, sisi tumegombana."

Daktari alizitazama. Aliokota ile ya bibi, akaigeuza, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Mzee, kazi nzuri hii. Umechonga kwa mti gani?"

"Mpingo. Utachonga na nini kingine? Haupasuki, hauliwi na wadudu."

"Na kile kinyago cha kuvaa kichwani, cha kuchezea ngoma, nacho mnachonga kwa mpingo?"

"We daktari, unataka kumvunja mchezaji shingo? Kile kinataka mti mwepesi. Unakwenda porini kwanza, unautafuta mti, unaukata, unaukausha kivulini. Sura unaifikiria baadaye. Kwanza m—"

Babu alizitazama pua zake mezani, moja moja.

"Naam," alisema daktari. "Kikao chenu kimeanza na sura."

"Lo!" Babu alijipiga paji la uso. "Wiki nzima! Na mimi ndiye mwenyekiti!"

Mwajuma alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Zulfa hakucheka sana. Alikuwa ameshaelewa kwamba swali lililobaki ndilo kubwa. Akauliza mwenyewe, "Sasa itatengenezwa kwa kitu gani, daktari?"

"Tuzungumze hapo." Daktari alisogeza kiti. "Kuna silikoni, ile ngumu, kama raba laini, inakuja imeshachongwa. Wenzangu wanaitumia, na wapo watu wamekaa nayo miaka bila tabu. Sitaki kukudanganya kwamba ni sumu. Lakini mwili hauitambui kuwa ni yake. Huizungushia ngozi yake kuizuia, basi. Na wewe ngozi ya hapa ni nyembamba, ina kovu ndani. Inaweza kuhama ikakaa upande, inaweza kuingia vijidudu, au miaka mingi baadaye ikachungulia nje."

"Ichungulie!" Babu aliruka.

"Nimeshaona, mzee. Inatoboa ngozi, inatokeza ncha."

"Mke wangu akiwa anapakua wali?"

"Hata akiwa anapakua wali."

"Hiyo toa," Babu aliamua. "Nyingine."

"Kuna gegedu la mtu aliyefariki. Linasafishwa, linaua—"

"Astaghfirullah," alisema Mwajuma.

"Linasafishwa, mama, linauawa vijidudu, linahifadhiwa. Wengine wanalihitaji, hasa wazee, maana yao yameshakuwa mifupa. Huku kwetu kulipata ni kazi."

"Na nitajuaje marehemu alikuwa nani?" Babu aliuliza. "Kama alikuwa Mngoni? Watani zangu watanicheka hadi Songea."

Zulfa aliinua mkono mdomoni kuzuia kicheko. Kisha akauliza lile alilokuja nalo kifuani tangu Ijumaa.

"Na sindano je? Ya kujaza."

Uso wa daktari ulibadilika kidogo. Hakukasirika, lakini kicheko kilikwisha.

"Sindano zipo za aina nyingi. Zipo zinazojulikana, zina jina, zina kampuni, zinayeyuka zenyewe baada ya miezi, na hata hizo puani ni hatari mkononi mwa asiyejua, maana zikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inakufa, jicho linaweza kupofuka. Na kwako zisingesaidia, ukuta ukianguka huuinui kwa kuupaka rangi. Halafu kuna yale mafuta ya mitaani. Silikoni ya maji. Hayo yakishaingia ni kama samli kwenye wali uliokwisha kuiva. Utaichambua vipi? Mimi kila ninachokiweka ndani ya mtu nataka nijue mambo mawili: ni kitu gani, na siku nikitaka kukitoa, nakitoaje. Asiyeweza kukujibu hayo, ondoka."

"Basi kilichobaki ni chako mwenyewe," daktari aliendelea, taratibu. "Ndani ya pua hakuna kitu, kimeshaliwa. Sikioni kuna kidogo, kimepinda, kinafaa kwenye ncha. Kwa mgongo wa pua tunachukua ubavuni, hapa chini ya ziwa la kulia, pale ubavu unapokaribia kifua. Tunakata kipande, tunakichonga."

"Mnachonga?" Babu alisogea mbele. "Kwa kitu gani?"

"Kwa kisu kidogo sana, mzee."

"Hm."

"Nalo lina tabu zake. Ubavu utauma wiki kadhaa, kuliko hata pua. Utabaki na kovu. Gegedu linaweza kupinda baadaye, au kupungua kidogo, tukarudia. Na siwezi kukuahidi pua ya kwenye sinia. Ila ni mwili wako, na mwili unalijua."

"Nalitaka hilo," alisema Zulfa bila kungoja. "Lini?"

"Kuna mwenzangu mmoja anakuja kunisaidia kazi za namna hii, atakuja msimu wa korosho ukiisha. Na uvimbe utachukua miezi kushuka. Harusi ni lini?"

Mwajuma alimwambia.

Daktari Elisha alivuta pumzi. "Basi, binti yangu, utaolewa na hii uliyo nayo."

*

Mama yake aliridhika siku hiyo hiyo. Alimpigia simu maalimu wake kumuuliza kama kuna dhambi. Maalimu akasema kilichovunjika kutibiwa si kubadili maumbile, na kikiwa ni chako mwenyewe hata swali la kama kimetokana na nguruwe halipo. Babu naye alizirudisha pua mfukoni na siku ya pili zilikuwa zimeshakuwa vishikio vya ufunguo, anawauzia watalii.

Zulfa ndiye hakuridhika. Dukani alipima mapazia ya watu akakosea, akakata fupi. Kila alipoinama kwenye kioo kilichokuwa nyuma ya kaunta, alijiona kwenye picha ya harusi, mkono uko puani, na picha ile iko ukutani Msimbati, na watoto wake wanauliza mama alikuwa anaficha nini. Ubavu ni mzuri, lakini ubavu unakuja baadaye. Sindano ni Alhamisi. Akajiambia: labda ya Madamu ni ile ya kuyeyuka. Labda itakaa mwezi mmoja tu, itanivusha, halafu nitakwenda kwa daktari. Mtu akitaka kitu sana hakosi labda za kutosha.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa saluni kwa Sharifa.

Kiti cha kuoshea nywele kilikuwa kimelazwa. Madamu Mariamu alivaa koti jeupe na kope ndefu za kubandika, mkononi ana kijisanduku cha barafu cha kuwekea soda. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno matamu.

"Bibi harusi! Lala hapa, mpenzi. Ukiinuka mume wako atauliza wewe ni dada yake nani."

Zulfa alilala. Sharifa alimshika mkono. Pua ilipakwa krimu ya kutia ganzi, ikaanza kufa. Madamu alitoa kichupa kwenye barafu, akakitingisha kwenye mwanga. Ubavuni mwa kichupa palikuwa na gundi, karatasi imebanduliwa.

"Hiyo ni nini, Madamu?" Zulfa aliuliza.

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kuinua pua, mpenzi. Kolajeni. Ya nje."

"Ya nje wapi? Inatokana na nini, ng'ombe au nguruwe?"

"Yesu na Maria! Unataka pua au unataka historia?"

"Nataka pua," alisema Zulfa. "Ndiyo nauliza imetengenezwa kwa kitu gani. Na nikitaka itolewe, inatolewaje?"

Madamu alicheka kwa wema kabisa. "Kwa nini uitoe na umeshapendeza?"

Zulfa alikuwa bado amelala. Alikitazama kichupa kutokea chini, kile kimiminika kizito kikishuka taratibu upande mmoja, kama kitu ambacho hakina haraka kwa sababu kikifika hakiondoki. Akamwona babu yake mbele ya meza ya daktari akikatika maneno katikati. Wiki nzima! Na mimi ndiye mwenyekiti!

Akaanza kucheka. Aliinuka huku akicheka, krimu imemjaa puani.

"Weka tone moja kwenye yako kwanza," alisema.

"Yangu nzuri, haina haja."

"Basi mkononi. Tone tu."

Madamu Mariamu aliurudisha mkono nyuma. Haraka kidogo kuliko alivyokusudia. Wote watatu waliuona mkono ule unavyorudi.

Sharifa ndiye aliyezungumza. "Madamu, mimi hapa dawa ya nywele, dawa ya nywele tu, nasoma kopo kwanza. Halafu nampaka mteja nyuma ya sikio, tunangoja. Wewe unamchoma ndugu yangu usoni kitu kisicho na karatasi."

"Mtabaki na pua zenu zilizokaliwa!"

"Tutabaki nazo," alisema Zulfa, na akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kulisema.

Kijisanduku cha barafu kilitoka na mwenyewe, mlango ukapigwa. Sharifa alikaa kwenye kiti cha wateja akalia kwa sauti, kama mtoto.

"Nilitaka niwe mimi niliyeirudisha," alisema. "Mimi ndiye niliyeivunja."

"Ulikuwa na miaka minane na nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye kinu. Sharifa. Nisikilize. Ungenichoma leo, sasa hivi ungekuwa umenigonga mara mbili."

Sharifa alimtazama, akaona krimu nyeupe imeganda puani kote kama samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa, na kilio kikageuka kikawa kitu kingine. Walicheka mpaka mteja wa kwanza alipoingia akauliza kama wamefungua au wamefungiwa.

*

Jioni hiyo Yassini alikuwa mjini kununua vifaa, akapitia dukani. Zulfa alimweleza yote, pamoja na lile la asubuhi ambalo angeweza kulificha.

Yassini alisikiliza akiwa ameshika pampu ya maji ya injini kwenye karatasi. "Kuna mzee mmoja kwetu," alisema, "alifunga kifaa cha kopi kwenye injini. Kizuri kweli, kinang'aa. Kikamzimia mlangoni mwa mto Ruvuma, mkondo unamvuta, viboko wanamtazama. Alipiga kasia kwa ndoo." Akaiweka pampu chini. "Mimi nilipokuja kuposa pua ilikuwepo. Sikuja gizani. Lakini kama inakunyima pumzi, itengenezwe. Ya ubavu. Nitakaa na wewe hospitali."

"Na picha za harusi?"

"Zipigwe tu. Au hutaki watoto wajue mama yao alianzia wapi?"

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia bei ya petroli, na ndiyo maana Zulfa alimwamini.

Harusi ilikuwa ya kelele. Babu Hemedi alijilaza mlangoni mwa chumba cha bibi harusi, tezo kifuani, akagoma kumpisha bwana harusi. Alidai yeye ndiye mume wa kwanza, hajatoa talaka, na hata akitoa mke atakaa eda. Yassini alimpigia magoti, akampa kilemba na kofia, akampa na ahadi ya samaki kila Ijumaa. Mzee akajigeuza upande mmoja tu.

"Huu wa kwanza. Bado ubavu wa pili!"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka majirani wa nyumba ya tatu wakatoka nje. Katika purukushani hiyo mpiga picha alimfikia Zulfa. "Bibi harusi," alisema, "mkono." Zulfa hakujua kwamba ulikuwa umepanda. Alimtazama Sharifa, aliyesimama nyuma ya kamera na mdomo umebana. Kisha akauteremsha, akauweka juu ya mkono wa Yassini, na akatazama mbele. Pua yake ilikuwa pale, imelala kama kawaida yake. Watu walimwona, na hakuna aliyekufa. Sharifa alipiga kigelegele peke yake, kirefu, mpaka pumzi ikamkatika.

*

Korosho zikaisha, mvua zikaanza, mwenzake Daktari Elisha akafika. Kazi ilifanyika asubuhi. Zulfa alipozinduka alikuwa na bamba gumu juu ya pua, pamba ndani, na ubavu wa kulia ukimuuma kana kwamba amepigwa na mchi mpya kabisa. Daktari alisema kipande kimetosha, kimechongwa vizuri, kimekaa. Akatoa masharti: asipenge kamasi, akipiga chafya aache mdomo wazi, asiinue ndoo. "Na wiki hizi za kwanza," akamwambia Yassini mlangoni, "asichekeshwe. Ubavu utamtesa."

Kwa familia ile, hilo ndilo lilikuwa sharti gumu.

Mwajuma, ambaye Zulfa aliuguzwa kwake, alilitangaza nyumba nzima. Sharifa aliapa kutosimulia habari za wateja. Babu Hemedi alipigwa marufuku kuingia chumbani kabisa. Alilalamika dirishani wiki nzima kwamba mtu anazuiwa kumwona mke wake, mpaka Mwajuma akachoka. Pamba na bamba zilipoondolewa akamruhusu, kwa masharti: aingie, atazame, asiseme neno.

Babu aliingia. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda, mikono magotini, mdomo ameubana kama mtu aliyemeza funguo. Zulfa alikuwa amekaa ameegemea mito, uso umevimba, chini ya macho kuna rangi ya zambarau, na katikati ya uvimbe wote ule, pua imesimama. Haikufanana na ya mtangazaji. Haikufanana na ya bibi pia. Ilikuwa pua ya kawaida tu ya mtu wa Mikindani, ambayo ukiipita njiani hutageuka.

Babu aliitazama kutoka mbele. Akasogeza kigoda, akaitazama kutoka kushoto. Akafumba jicho moja, kama anavyofanya akikagua kinyago. Akasogea kulia. Akatingisha kichwa juu chini, taratibu, fundi akimkubali fundi. Neno hakusema.

Zulfa alihisi kitu kinaanza chini tumboni.

"Babu, toka."

Babu alinyoosha mikono: sijasema kitu.

"Mama, mtoe! Anachekesha!"

"Amenyamaza, mwanangu!"

"Ndiyo hicho chenyewe!"

Babu alipoona hivyo alishindwa. "Nilitaka kuuliza moja tu," alisema kwa adabu. "Hawa alitolewa kwenye ubavu wa Adamu. Hii pua imetoka kwenye ubavu wako mwenyewe. Sasa kwenye posa yake, tutakwenda kwa nani?"

Zulfa alijishika ubavu kwa mikono miwili. Kicheko kilimtoka kwa vipande, kila kipande na kilio chake, machozi yakimtiririka kwenye uvimbe, Mwajuma akimpiga baba yake kwa kanga kumtoa nje, na Sharifa mlangoni ameficha uso ukutani mabega yakiruka. Zulfa alifunga mdomo ajizuie. Hapo ndipo alipogundua kwamba amefunga mdomo na bado anapumua. Upande wa kushoto. Na wa kulia. Hewa ya chumba, dawa, mchuzi wa samaki unaochemka uani, vyote vilikuwa vinaingia bila kubisha hodi. Akavuta tena ili ahakikishe, na kuvuta kukamrudisha kwenye kucheka.

Yassini alikuja mbio na grisi mikononi. "Unaumwa?"

"Sana," alisema Zulfa, na akaendelea kucheka.